Noti za kale: usiipige pasi hiyo rupia

*Shikamoo babu. Kwenye sanduku la marehemu bibi nimekuta noti imeandikwa "Deutsch-Ostafrikanische Bank, Eine Rupie", mwaka 1915. Imekunjamana. Nimeambiwa niipige pasi kisha nitafute mnunuzi. (Ngamiani, Tanga)*

Marahaba mjukuu wangu. Pasi iweke mbali kabisa! Hiyo ni noti ya rupia moja ya Benki ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, ya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kabla ya hapo noti za Mjerumani zilichapwa kwao Ulaya, zikaja kwa meli. Manowari za Waingereza zilipofunga bahari, noti mpya zikawa haziji tena, na askari wanataka mishahara. Ndipo 1915 zikaanza kuchapwa humu humu nchini, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Kufika 1917 nyingine zilipigwa chapa porini kwa herufi za mpira. Itazame yako chini, penye sahihi: nyingi zilitiwa kwa mkono, na ukiiinamisha kwenye mwanga wa dirisha utaona kalamu ilipokandamiza. Pasi inalaza hayo yote, na mkusanyaji mzoefu anaijua noti iliyopigwa pasi mara tu akiishika. Usiioshe, wala usiibandike selotepu.

Bei? Rupia moja zilichapwa kwa wingi, haitakujengea nyumba. Mimi ningeiacha kwenye ukoo, na mikunjo ya bibi humo humo.

*Nina noti za shilingi 200 na 500 za miaka ya tisini. Dukani wamezikataa. (Makorora)*

Wako sahihi. Benki Kuu ilitoa muda wa kubadilisha noti za 1985 hadi 2003, kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, na muda huo umepita. Lakini usizitupe. Tazama sahihi ya gavana na ya waziri wa fedha. Noti zinazofanana kila kitu hutofautiana hapo, na wakusanyaji huzitafuta zote.

*Rafiki yangu anauza noti ya Zimbabwe ya dola trilioni 100. Nitatajirika? (Pangani)*

Hapana. Ilitoka 2009, na 2015 Zimbabwe ikaiondoa rasmi. Wakusanyaji wanaipenda, ndiyo maana za kuigiza zimejaa. Zile zinazong'aa dhahabu ni pambo tu.

*Noti zangu za nchi mbalimbali zinapata madoa ya kahawia. Nizitunze vipi? (Chumbageni)*

Ni unyevu wa pwani yetu huo. Usiziweke kwenye kabati linalogusa ukuta wa nje, na masika yakiingia fungua albamu mara kwa mara zipate hewa, mbali na jua. Mifuko yake iwe ya plastiki aina ya polipropilini au poliesta. Ile laini inayonuka kama kitambaa kipya cha meza cha plastiki ni PVC. Inatoa mafuta taratibu. Nilitia humo noti ya Kenya ya shilingi 20, nikaisahau miaka. Siku ya kuitoa ilikuwa imeganda, na nilipoivuta, maneno "Banki Kuu ya Kenya" (wenzetu huandika Banki, sisi Benki) yalibaki nusu kwenye plastiki. Bado naiumia noti ile.