Usilipie gemu ambayo bado iko kwenye trela

Nina kibanda cha gemu hapa Dodoma, na wateja wangu wengi ni vijana wa chuo. Kila trela mpya inapotoka nasikia swali lile lile: "Kaka, hii si tuchange tuilipie kabisa kabla haijatoka?" Nami jibu langu halibadiliki: itoke kwanza, watu waicheze, wiki mbili zipite. Wapo wanaoona nawabania. Nawaandikia hao, kwa sababu pesa wanayotaka kuitoa wameipata kwa kujinyima, na inaniuma kuiona ikienda kwa ahadi.

Wakumbuke No Man's Sky. Kabla ya gemu hiyo kutoka Agosti 2016, Sean Murray wa Hello Games, studio ndogo ya Uingereza, aliulizwa kwenye mahojiano kama wachezaji wanaweza kukutana humo ndani. Alisema inawezekana, ila ulimwengu ni mkubwa mno na bahati hiyo ni ndogo sana. Gemu ilipotoka tu, wachezaji wawili wakatafutana mpaka wakasimama mahali pamoja, kwenye sayari moja. Hakuna aliyemwona mwenzake. Malalamiko yalifika hadi kwenye mamlaka ya matangazo ya Uingereza, nayo Novemba 2016 ikaamua kwamba ukurasa wa gemu hiyo kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, haukuwa umepotosha wanunuzi. Kwa hiyo usitegemee kwamba kuna mtu mahali fulani atakuamulia kesi.

Najua utaniambia waliirekebisha. Ni kweli, na nawaheshimu kwa hilo: waliongeza mambo mengi bila kudai senti, na Julai 2018 watu wakaanza kucheza pamoja sawasawa. Lakini aliyelipa 2016 alilipa bei kamili, akasubiri karibu miaka miwili. Aliyenunua 2018 alikuta gemu iliyonona.

Sisemi watengenezaji wote ni waongo. Wengi wanaipenda kazi yao, na wakiulizwa "je, kutakuwa na hiki?" wanajibu kile wanachotamani kiwepo. Peter Molyneux, mtengenezaji wa gemu wa Uingereza, alisema kwenye gemu yake ya Fable utaweza kupanda mbegu na kuuona mti ukikua miaka inavyokwenda. Gemu ikatoka 2004 bila mti huo, naye akaomba radhi hadharani. Trela nazo mara nyingi ni kipande kimoja tu kilichong'arishwa wakati gemu yenyewe bado ni vipande vipande. Muda ukibana na mashine ikishindwa kubeba, mambo yanapunguzwa kimyakimya. Muuza zabibu wa hapa kwetu hukuonjesha punje mbili tatu kabla hujatoa hela. Huku unatakiwa ulipe kwa kuangalia picha ya shamba.

Kisa kinachotuhusu zaidi sisi wenye vibanda ni Cyberpunk 2077. Ilitangazwa 2012, ikatoka tarehe 10 Desemba 2020, na zaidi ya watu milioni 8 walikuwa wameshailipia kabla. CD Projekt Red ya Poland iliwapa waandishi nakala za kompyuta waipitie mapema, na kwenye kompyuta nzuri gemu ilipendeza. Waliokuwa na PS4 ya kawaida (PlayStation 4, mashine ya gemu ya Sony) walikutana na kitu kingine: picha zenye ukungu, magari na watu wanaochelewa kutokea, gemu inajifunga yenyewe katikati ya misheni. Haikufika siku kumi Sony wakaiondoa kwenye duka lao, ikarudi Juni 2021. Sasa jiulize, vibandani kwetu tunachezea nini? Wengi bado ni PS4. Ndiyo maana kijana akiniletea simu kunionyesha trela, namwambia aisimamishe, tusome yale maandishi madogo ya chini. Mara nyingi yanasema wazi kuwa picha hizi si za gemu iliyokamilika, au kwamba zimechukuliwa kwenye kompyuta. Kama hakuna video ya mtu wa kawaida akiichezea kwenye mashine kama yako, hujaiona gemu bado.

Halafu kuna bando, jambo ambalo wanaoandika kutoka Ulaya na Marekani ni nadra kulitaja. Gemu kubwa siku hizi inapita gigabaiti 70, na bado kuna masasisho ya siku ya kwanza. Steam watakurudishia pesa ukiomba ndani ya siku 14 na hujafikisha saa mbili za kucheza. Bando hakuna anayekurudishia.

PlayStation ni wakali zaidi, na hapa naomba usome taratibu. Una siku 14 za kubadili mawazo tangu ulipe, na kama ulilipia zaidi ya siku 14 kabla gemu haijatoka, mwisho wako ni siku ya kutoka; lakini ukishaanza kushusha gemu haki hiyo imekwisha, labda faili liwe na kasoro. Gemu uliyolipia mapema inaweza kuanza kujishusha yenyewe umelala. Na kwa kuwa wengi wetu tunatumia akaunti za nchi nyingine na kujaza salio kwa kadi za zawadi, hata ukirudishiwa, pesa inabaki kwenye salio la akaunti, hairudi kwenye simu yako. Kama umeshalipia bila kusubiri ushauri wangu, ingia kwenye mipangilio leo, uzime kushusha kiotomatiki, kisha uache gemu ikae hivyo hivyo usikie wenye PS4 wanasema nini, na ukiwa na shaka omba pesa yako kabla muda wako haujaisha.