Laptopu kushinda kwenye chaji: tatizo sio chaja, ni kukaa 100% kwenye joto

Mkuu umeuliza HP yako inashinda kwenye umeme toka asubuhi mpaka jioni ofisini, je uwe unachomoa ikijaa, au utoe betri kabisa utumie umeme wa moja kwa moja. Ngoja nikujibu kwa urefu kidogo maana hili somo mi nimelilipia ada.

Nina kijiduka cha steshenari hapa Dar, fotokopi na kuprinti. Laptopu yangu ya kwanza ilikua inakaa pembeni ya mashine ya fotokopi, chaja haitoki, jioni nazima naondoka naiacha imechomekwa vilevile. Mwaka wa pili hivi tachipedi ikaanza kuwa ngumu kubonyeza, mi nikajua vumbi, nikapuliza weee, baada ya wiki mbili naona kava la chini limeachia upande mmoja na mashine ukiiweka mezani inayumba. Fundi kufungua, betri imeumuka kama andazi. Akaniambia nilivyokua naigandamiza ile tachipedi nina bahati haijawaka moto.

Sasa watu wengi wanadhani betri "inapitiliza chaji". Haipitilizi. Ndani kuna saketi inakata ikijaa, na kuanzia hapo mashine inakula umeme wa chaja, sio wa betri. Shida ni nyingine: hizi betri za lithiamu zikiwa 100% kila seli inakua kwenye volti 4.2 au zaidi kidogo, na kwenye hali hiyo kemikali za ndani zinaanza kulana zenyewe taratibu, hata kama hugusi kitu. Ongeza joto ndo kabisa, na kule kuvimba ni gesi inayotokana na hayo mambo. Fikiria Dar mwezi wa pili, feni ya dari inasukuma hewa ya moto tu, afu mashine ya fotokopi nayo inakupulizia mgongoni.

Kuhusu chomoa chomeka, nilijaribu miezi kadhaa kwa mashine iliyofuata nikaacha. Ukiishusha na kuijaza kila siku unakula mizunguko ya betri, nayo ina idadi yake (MacBook za kisasa Apple wanasema 1,000, betri nyingi za kawaida ni chini ya hapo), kwa hiyo unaondoa uchakavu huku unauongeza kule. Na yule anayekwambia uiache ifike 0% ndo uchaji, huo ushauri ni wa betri za nikeli-kadimi za zamani, lithiamu haitaki hivo, ikikaa imekauka kabisa inaweza isiamke tena.

Dawa ni kuiwekea kikomo cha chaji, basi. Lenovo ninayotumia sasa hivi niliingia kwenye programu ya Lenovo Vantage nikawasha ile ya kutunza betri, inagoma kupanda zaidi ya 80%, za zamani kidogo zinagomea kwenye 60 hivi. Asus ipo kwenye MyASUS. Dell washa huku unabonyeza F2 uingie bayosi (ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijafunguka), tafuta sehemu ya betri, utakuta unaweza kuiambia kwamba mashine hii muda mwingi iko kwenye umeme. Mac za M1 kuja juu zinajifunza ratiba yako zenyewe na kusubiri kwenye 80.

Utasema na umeme ukikatika je? Hiyo ndo sababu sikushauri utoe betri. Betri yako ndo UPS yako, mimi umeme ulishawahi kukatika nina kazi ya mteja kurasa 60, kwenye ile 80% nikamaliza bila presha. Siku wakitangaza mgao naondoa kikomo usiku, asubuhi iko 100, ikipita narudisha. Mara moja kwa miezi miwili mitatu naiacha ishuke mpaka 20 hivi afu naijaza, sio kwa ajili ya afya ya betri, ni ili kipimo kisikudanganye kinasema 40% mara paap imezima.

Joto nalo usilipuuze. Nimeinyanyua na vipande viwili vya mbao upepo upite chini, na nimeihamisha mbali na fotokopi. Kitandani juu ya godoro usithubutu.

Ukitaka kujua yako imefikia wapi, kama ni Windows fungua ile skrini nyeusi ya amri andika powercfg /batteryreport, itakupa faili, humo kuna namba mbili, uwezo wa betri ilivyotoka kiwandani na uwezo wa sasa ikijaa. Laptopu yangu ya kwanza ilikua 41,000 mWh (kipimo cha umeme betri inaoubeba) ikabaki 23,000 na kitu. Hii ya sasa mwaka wa tatu unaenda, ilianza 45,000, juzi nimeangalia iko 41,200.

Yako kwa sababu ni HP anza na F10 wakati inawaka, tafuta palipoandikwa Battery Health Manager, chagua ile ya kuongeza afya ya betri. Hizo za ofisini nyingi zinayo, za bei chee zingine hazina, ukiikosa weka modeli hapa tuangalie. Ila kabla ya yote igeuze uone kava la chini, kama limetuna zima mashine, chomoa chaja, na usiichokonoe mwenyewe, mpelekee fundi.