Dada zangu wananiita mwenye roho ngumu

*Shikamoo Shangazi. Mama yetu ana miaka 74. Aliteleza chooni, akavunjika nyonga, akapasuliwa na kuwekewa nyonga ya bandia. Hii ni wiki ya tatu tangu arudi nyumbani, hapa Ngamiani. Hospitali walisema nimtembeze kila siku, lakini analia, anataka kulala tu. Dada zangu wakija jioni wanamlaza, wanamlisha kwa kijiko, kisha wananiambia nina roho ngumu. Je, ninakosea? – Kitinda mimba, Tanga*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Hukosei.

Dada zako wanampenda, sina shaka. Huku kwetu mgonjwa hulazwa akalishwa, ndiyo huruma tuliyoizoea. Lakini mtu wa umri huo akishinda kitandani, mapaja yananyauka upesi, kifua kinajaa, matako na visigino vinatoka vidonda, na damu huweza kuganda miguuni. Ndiyo maana waliopasuliwa nyonga husimamishwa mapema, wengi kesho yake tu. Na hicho kijiko cha nini? Mikono yake haikupasuliwa. Ale mwenyewe, na mpe ungo achague mchele.

Kulia kwake kusikilize. Pengine ni maumivu, basi mpe dawa alizoandikiwa kama nusu saa kabla hajainuka. Pengine ni woga, maana aliyewahi kuanguka huiogopa sakafu. Mtembeze kidogo kidogo, kutoka kitandani mpaka barazani, apumzike, arudi. Safari fupi tatu kwa siku zinamfaa kuliko moja ya kumchosha.

Ila asikae mkekani, wala kwenye kigoda, wala kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Asichuchumae, asikunje nne, mpaka daktari amruhusu. Nyonga hiyo bado changa, inaweza kuchomoka. Mtafutieni kiti kirefu, magoti yasipande juu ya nyonga. Kama choo chenu ni cha kuchuchumaa, seremala atawatobolea kiti imara katikati. Aswali akiwa kitini, mgonjwa karuhusiwa.

Jambo moja linanitia hofu: wageni watakaokuja na maji ya moto na mafuta ya nazi wamkande. Kigimbi kikivimba na kuuma, asikikande mtu, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kidonda kikitoa usaha au akipata homa. Akibanwa pumzi ghafla, hata usiku wa manane, msingoje kuche.

Hilo neno la roho ngumu limekuuma, na hata mimi lingeniuma. Anayekuja jioni na machungwa huonekana mwenye huruma kuliko anayemwinua mgonjwa saa 9 usiku kwenda haja. Usibishane nao mbele ya mama. Siku ya kliniki mwombe dada mkubwa ampeleke yeye, ayasikie ya mtaalamu wa mazoezi kwa masikio yake. Kisha pangeni zamu za usiku, kila mmoja na wake. Zamu yake ikifika, mwonyeshe dawa zilipo, nenda chumba cha uani ukalale mpaka asubuhi.