Baiskeli ya safari ndefu yenye mzigo wa kilo 35

Umeuliza uchukue baiskeli ya fremu ya chuma au ya alumini kwa safari ndefu. Kwa uzito wako wa kilo 85 na mzigo wa kilo 35, hilo si swali la kwanza. Anza na gurudumu la nyuma, maana ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito na ndiko spoku hukatika, mara nyingi upande wa cheni, pale zinapopinda kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Tafuta spoku 36, rimu imara, na mpe fundi mzoefu azikaze zote sawasawa kabla ya safari. Spoku iliyolegea huchoka haraka kuliko iliyokazwa vizuri. Beba za akiba za urefu uleule.

Tairi za milimita 47 hadi 50 zitakufaa, ila hakikisha fremu ina nafasi ya kuzipokea.

Fremu? Ningechukua chuma cha kromoli (chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdeni), kwa sababu hata fundi wa kawaida wa kuchomelea anaweza kukiunga ukiwa njiani. Alumini inahitaji mtaalamu. Hakikisha ina matundu ya kufungia keria kwa bolti mbele na nyuma, na kwamba visigino havigongi mifuko ya mzigo inayoning'inia kwenye keria ya nyuma ukikanyaga pedeli.

Gia ndogo ya mbele iwe na meno 26 au pungufu, kubwa ya nyuma 34 au zaidi. Bila hivyo mlimani utasukuma.

Usirundike mzigo wote nyuma: usukani utayumba kwenye mteremko. Ukiona ufa kwenye fremu au rimu, usiiendeshe hadi fundi aikague.