Maswali kwa Docta: kituo cha mtaani, wastajeri na haki ya mgonjwa

*Docta, niko mwaka wa mwisho wa udaktari hapa Lubumbashi. Wenzangu wanataka upasuaji, mimi napenda kituo cha afya. Baba anasema nitapoteza masomo yangu. (Mwanafunzi, Kamalondo)*

Mdogo wangu, hupotezi kitu. Kituoni mgonjwa anafika bila jina la ugonjwa: kichwa kinauma, nguvu hakuna. Kulitafuta jina hilo ndiyo kazi yenyewe, na inaanza na masikio. Mwaka 1975 madaktari wa Uingereza walifuatilia wagonjwa 80 wapya wa kliniki. Kwa 66 kati yao, barua ya rufaa na maelezo ya mgonjwa vilitosha kuutambua ugonjwa uliothibitika mwishoni; maabara iliongeza 7 tu. Hapa kwetu familia inalipa vipimo vingi kutoka mfukoni, kwa hiyo swali zuri linaokoa pesa ya bukari (ugali). Usibishane na mzee. Mwalike asubuhi moja aione foleni.

*Nasimamia madaktari asistanti na wastajeri (wanafunzi wa udaktari wanaojifunza kazini). Wanaandika dawa haraka mno. Nianze wapi? (Daktari, Kampemba)*

Anza kwa kukaa kimya pembeni wakati wanamhoji mgonjwa. Ukidakia kila dakika, watajifunza kukusubiri wewe.

Kulikuwa na mama wa tansio (shinikizo la damu) ambaye alikuwa akiongezewa dozi kila akirudi, na tansio haishuki. Mstajeri alikuwa ameshika kalamu aongeze tena. Nikamwambia aombe kwanza kuona plakete ya vidonge. Mama akafungua fundo la kitenge: vidonge vimekatwa nusunusu, nusu yake, nusu ya dada yake mwenye tansio kama yeye. Siku ile hatukuongeza dozi. Tulitafuta dawa ya bei wanayoiweza na tukamwita dada naye apimwe. Mstajeri yule sasa anauliza mwenyewe nani analipa dawa na nani mwingine anaumwa nyumbani.

Wapeleke pia wakakae na muuguzi mkuu wa kituo. Katika zoni zetu za afya ndiye anayewaona wagonjwa wengi kabla ya daktari, na kuna mambo anayoyajua kuliko sisi.

*Mtoto akipata homa, niende moja kwa moja hospitali kubwa ya Sendwe? (Mama, Katuba)*

Hapana mama, kituo cha karibu kwanza. Tone la damu kidoleni linapima malaria, na majibu hayafiki nusu saa. Lakini kama hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri, hiyo ni dharura: mkimbize hospitali sasa hivi.

*Vijana wanne wananizunguka kitandani na hawajajitambulisha. Naweza kukataa? (Mgonjwa, Ruashi)*

Ndiyo, baba, na matibabu yako hayapaswi kubadilika kwa sababu hiyo. Kila mmoja aseme jina lake, yuko mwaka gani wa masomo, na aombe ruhusa kabla ya kukugusa. Ukitaka abaki mmoja tu, sema abaki mmoja.