Laki mbili na arobaini si vihela

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31, naishi Pasua hapa Moshi na mume wangu na watoto wawili. Nauza kwenye duka la nguo la mtu, mshahara 150,000. Mume wangu ni bodaboda wa mkataba. Mwezi uliopita ilifika zamu yangu ya kupokea mchezo wa 30,000 kila mwezi, nikapata 300,000. 60,000 imeshaondoka kwenye mchango na sare ya sendoff ya binti wa jirani. Vihela vilivyobaki, 240,000, nimevificha kwenye debe la unga.*

*Nilikwenda semina Arusha, kiingilio 10,000. Mwalimu alisema umaskini uko kichwani, ukibadili fikra pesa inakufuata yenyewe. Akatuambia tuandike kiasi tunachotaka tukibandike kwenye kioo. Nimebandika milioni kumi, hii ni wiki ya tatu. Rafiki yangu wa kwaya ananishawishi niingize vihela hivi kwenye kundi moja la simu, anasema laki mbili inazaa asilimia 20 kila wiki. Shemeji naye anataka nimkopeshe laki moja. Mume wangu hajui kitu. Mwaka jana pikipiki ilipokamatwa alichukua 70,000 yangu akalipa hesabu ya tajiri, hakurudisha mpaka leo.*

*Ujuzi sina, labda kupika. Majirani wakijifungua huwa naitwa kuwapikia mtori, wananipa chochote. Shangazi, mimi nina fikra za kimaskini? Vihela hivi vinaweza kukua kweli?*

*Mama Wawili, Pasua*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, nikapigia mstari maneno mawili. La kwanza ni "vihela". Umeliandika mara tatu. La pili ni "chochote". Hilo umeliandika mara moja tu, tena kwa kupita, na ndilo lililoniuma zaidi.

Tuanze na vihela. Unapokea 150,000, na kila mwezi ulikuwa unapeleka 30,000 kwenye mchezo. Maana yake kila shilingi tano ulizopata, moja uliwanyima watoto na ukajinyima mwenyewe, miezi kumi mfululizo. Kwa hiyo kilichomo kwenye lile debe la unga ni miezi minane ya kujibana. Na ile 60,000 ya sendoff ilikuwa miezi miwili, imeyeyuka ndani ya siku chache. Sikulaumu kwa kuchangia. Huku kwetu usipowachangia wenzio, siku yako hutaona mtu. Lakini jiulize: kama moyoni ungekuwa unaiita "miezi miwili ya jasho langu", ungeitoa yote? Mimi nadhani ungetoa 20,000, ukavaa kitenge ulichonacho, na hakuna ambaye angekususa.

Kwa hapo mwalimu wa semina hakukosea. Fikra ina kazi yake kwenye pesa. Mtu akishaiita fedha yake vihela, ameipa ruhusa ya kutoka bila kuulizwa. Alipokosea ni pale aliposema pesa itakufuata. Wiki tatu umekitazama kile kioo, na hakuna shilingi iliyopanda ngazi kuja kwako. Ile karatasi usiichane. Igeuze upande wa nyuma, na kila jioni uandike kilichotoka siku hiyo: mkaa, nauli, vocha, mia tano ya mtoto. Andika hata yale yanayokuaibisha. Fanya hivyo mwezi mmoja, utaona mwenyewe ni kipi kinakumaliza.

Rafiki yako wa kwaya simwiti mwizi. Yawezekana ameshapokea mara moja au mbili na ndiyo maana anasema kwa furaha. Lakini kaa chini upige hesabu pamoja naye. Laki mbili ikizaa asilimia 20 kila wiki, nawe ukaiacha hapo bila kutoa kitu, baada ya wiki 52 inakuwa zaidi ya shilingi bilioni 2.6. Fanya kwa kikokotoo cha simu: zidisha kwa 1.2, na urudie hivyo mara 52. Sasa niambie, mtu mwenye uwezo wa kufanya hivyo anatafuta nini kwenye laki mbili ya mama wa Pasua? Anaitafuta kwa sababu hiyo ndiyo atakayomlipa aliyetangulia. Watu wazima tunaikumbuka DECI, ule upatu uliojaa watu nchini. Waliita kupanda mbegu na kuvuna, maneno matamu ya kanisani, na waliotangulia walivuna kweli, kutoka kwenye mbegu za waliokuja nyuma yao. Mwaka 2009 ikasimamishwa, na watu wengi wakabaki na kadi mkononi. Mwanangu, hapo usiweke hata elfu kumi ya kujaribu. Ile ya kujaribu ndiyo huwa inarudi na faida, halafu unapeleka yote.

Nije kwenye "chochote".

Unasema huna ujuzi. Wanawake wa mtaa mzima, wakitoka hospitali na kichanga, wanakuita wewe uwapikie mtori. Kwa Wachaga mzazi hapewi mtori wa mtu yeyote tu. Anatafutwa mtu ambaye mkono wake unaaminika, anayejua ndizi iive mpaka wapi, anayeponda usibaki na mabonge, anayejua mchuzi wa mifupa uchemke kwa muda gani. Umechaguliwa na watu wenye macho, na bado unapokea "chochote", yaani elfu moja leo, kesho sabuni, siku nyingine asante. Mimi nauona umaskini hapo, kwenye kushindwa kutaja bei ya kazi ya mikono yako. Mfukoni mwako haumo.

Na fikiria walio hospitali za Mawenzi na KCMC hapa Moshi. Kila siku kuna wazazi wamelazwa, na ndugu zao wametoka Rombo, Mwanga, Same, hawana jiko mjini. Wanazunguka kutafuta kitu laini cha moto cha kumpa mgonjwa wao. Wewe uko Pasua, na una mume mwenye pikipiki.

Tupige hesabu ya sufuria moja. Hizi ni namba za mfano, bei halisi kaziulize mwenyewe sokoni Mbuyuni alfajiri. Ndizi mshale 8,000. Nyama yenye mifupa kilo moja na nusu, 16,000. Maziwa, karoti, kitunguu na chumvi 4,000. Mkaa 3,000. Mafuta ya pikipiki 2,000. Jumla 33,000. Tuseme yanatoka mabakuli 20 ya 2,500, hiyo ni 50,000. Ukiuza yote, unabaki na 17,000. Yakibaki matano, unabaki na 4,500 tu. Ukiuza 13, umepata 32,500, yaani umepika bure na umepungukiwa.

Hiyo 13 iandike ukutani badala ya milioni kumi. Mabakuli 13 ya kwanza si yako. Ni ya muuza ndizi, mwenye bucha na mwenye mkaa. La 14 ndilo linaloanza kumlisha mwanao. Ndiyo sababu nakuomba usipike kwanza halafu ukatafute walaji. Kusanya oda Ijumaa na Jumamosi, Jumapili pika kilichoagizwa na ongeza mabakuli mawili matatu tu. Anza na nusu sufuria. Na kabla hujaanza, mwone bwana afya wa kata akueleze habari ya kupima afya. Unamlisha mtu mwenye kidonda na kichanga, hapo hakuna mchezo.

Sasa ile fedha ya kwenye debe. Usiitumbukize yote kwenye sufuria. 100,000 iwe ya kazi: hotpoti mbili na vyombo visizidi 35,000, itabaki 65,000, karibu sufuria mbili nzima. Sufuria ya kwanza ikienda vibaya, ya pili bado ipo. 40,000 kaa nayo kwenye simu kwa ajili ya homa ya mtoto ya usiku. Iliyobaki, 100,000, iondoe kabisa nyumbani. Mimi ningeipeleka UTT AMIS, ile taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, kwenye Mfuko wa Ukwasi, wanapokea kuanzia kiasi hicho. Ukitaka kutoa, inachukua siku kadhaa za kazi hadi fedha ikufikie, na mimi naupenda ule ucheleweshaji kuliko faida yenyewe. Shemeji akija usiku na shida yake, utamwambia haipo, na utakuwa unasema kweli.

Utaniuliza kwa nini usiiweke yote huko ikae izae. Kwa sababu fedha ndogo haina nguvu ya kuzaa peke yake. 240,000 ikiwekwa mahali panapolipa, tuseme, asilimia 12 kwa mwaka, mwaka mzima itakuongezea 28,800. Jumapili nne za sufuria, ukibaki na 8,000 tu kila mara, ni 32,000. Hiyo inalipa mchezo wako wa mwezi mzima na chenji inabaki, bila kugusa mshahara. Sasa hivi mkono wako unazaa kuliko benki yoyote. Utakapokuwa na milioni kadhaa, mazungumzo yatabadilika.

Nikueleze kilichonipata mimi, maana nakikumbuka mpaka leo. Niliuza mitumba Kiboriloni nikiwa na umri kama wako. Desemba unaijua ilivyo, Wachaga wanarudi nyumbani kutoka kila kona, barabara inajaa, kila mtu anataka kuonekana mpya. Niliuza belo langu lote kabla ya Krismasi. Mkononi nilikuwa na pesa ambayo sijawahi kuishika maishani, na nikaamini ni yangu. Nikanunua mbuzi, nikawavalisha watoto, nikampelekea mama blanketi, nikawapa nauli wadogo zangu. Kila kitu kilikuwa kizuri, na kila aliyekuja aliondoka ameshiba. Januari nikafungua pochi nikakuta siwezi kununua hata robo ya belo. Yule mbuzi alikuwa mtaji. Lile blanketi lilikuwa mtaji. Nilikaa nyumbani miezi mitano, nikaishia kufua nguo za watu, na kilichoniumiza ni kwamba hakuna aliyeniibia.

Kwa hiyo tafuta makopo mawili, usitegemee kichwa. Ukirudi Jumapili, kabla hujavua viatu, 33,000 ya sufuria inayofuata inaingia kopo la kwanza. Kinachozidi kinaingia la pili, na hilo la pili ndilo la kula. Desemba hii utauza sana. Kopo la kwanza lisiguswe hata kama mjomba ametoka Dar.

Kuhusu mume wako. Sikwambii umfiche, na sikwambii umwage kila kitu mezani leo jioni. Hofu yako ina sababu, 70,000 haikurudi. Lakini mtori hauwezi kufika hospitali ukiwa siri. Kwanza panga fedha kama nilivyokueleza, kisha mketishe akiwa ameshiba na hajachoka, umwambie: nina mtaji mdogo, una kazi, nakuhitaji unibebee, na mafuta nitakulipa. Mlipe kweli, kila safari, na mwandike kwenye daftari kama unavyomwandika mwenye bucha. Mwanaume anayelipa hesabu ya tajiri kila siku anaelewa maana ya hesabu. Ile 70,000 itaje mara moja, kwa upole, umweleze kwamba ndiyo iliyokufundisha kuficha. Usiitaje tena.

Shemeji usimkopeshe. Mpe 10,000 kama zawadi, ukijua imekwenda, na umwambie ndiyo uwezo wako. Utalala usingizi na undugu utabaki.

Mkopo bado. Wakija wale wa kausha damu na karatasi zao mlangoni, kumbuka Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Anayekutajia 20 au 30 hana haki hata ya kukaa kwenye kiti chako. Ukishafikisha miezi mitatu ya daftari, tafuteni wenzio mjisajili kikundi, mwende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata muulize fedha za halmashauri. Asilimia 4 ya mapato ya ndani hutengwa kwa wanawake, na haina riba. Daftari lako ndilo litakalokusemea pale.

Umesema majirani hukuita wakijifungua. Basi atakayejifungua karibuni mtaani kwako ndiye mteja wako wa kwanza. Mama yake au wifi yake akija kukuita, usiseme "mtanipa chochote". Sema: "Bakuli ni elfu mbili na mia tano, nalileta la moto mpaka mlangoni." Kisha nyamaza. Atashtuka kidogo, labda ataguna. Usijaze ule ukimya kwa kupunguza bei. Mwache afikirie, na ukishapata jibu lake niandikie, hata kama amekataa.