Uzamili wa Fiziotherapia: Mwaka Mmoja au Miwili?

SWALI: Nina shahada ya kwanza ya fiziotherapia na nimefanya kazi hospitali ya wilaya kwa miaka mitatu. Nataka kusoma uzamili Uingereza. Chuo kimoja kinatangaza kozi ya mwaka mmoja, kingine ya miaka miwili. Nichukue ipi? Na nikihitimu nitaruhusiwa kutibu wagonjwa kule?
– Msomaji, Tanga

JIBU: Chukua ya mwaka mmoja. Ile ya miaka miwili, ambayo kwenye tangazo utaikuta na neno “pre-registration” (yaani kabla ya kusajiliwa), ni ya waliosoma kitu kingine, mfano biolojia au sayansi ya michezo, na sasa ndiyo wanaingia kwenye fani. Hufundishwa anatomia tangu mwanzo na hutakiwa kutimiza walau saa 1,000 za vitendo hospitalini. Wewe hayo ulishayamaliza, na vyuo vingi havimpokei aliyekwisha kufuzu fani hiyohiyo. Ya mwaka mmoja ina krediti 180, kila moja ikihesabiwa saa 10 za kusoma. Kwa kawaida 120 ni za masomo na 60 za tasnifu.

Swali lako la pili ndilo linalowaumiza wengi. Shahada hiyo haikupi leseni. Anayeruhusu mtu kutibu ni HCPC, baraza linalosajili fani 15, zikiwamo fiziotherapia, radiografia na lishe tiba, nalo huanza kwa kupima mafunzo yako ya kwanza, yale ya nyumbani. Litataka kujua ulisoma nini hasa, na ulifanya saa ngapi za vitendo kwenye mifupa, neva na kifua. Transkripti mara nyingi huonyesha alama tu. Kwa hiyo kabla hujasafiri, pita chuoni kwako uchukue silabasi ya kila somo na barua ya mkuu wa idara yenye mgawanyo wa saa, vyote vikiwa na muhuri. Kuvifuatilia kwa simu ukiwa Uingereza ni mateso.

Kiingereza nacho kina mtego wake. Vyuo vingi hupokea alama 6.5 za IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, ila baraza linataka 7.0 kwa jumla, bila sehemu yoyote kushuka chini ya 6.5. Lenga 7.0 tangu mtihani wa kwanza, na kumbuka matokeo hudumu miaka miwili tu.

Kwenye tasnifu, usipange kuhoji wagonjwa wa NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza: kibali cha maadili ya utafiti kinaweza kumaliza muda wote ulionao. Fanya mapitio ya tafiti zilizochapishwa. Ukitaka takwimu za Tanga, omba mapema kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, pamoja na cha chuo.

Ufadhili wa Chevening, unaotolewa na serikali ya Uingereza, hudai saa 2,800 za uzoefu wa kazi. Kwa wiki ya saa 40 hiyo ni kama miezi 16, kwa hiyo unazo tayari. Lakini sharti lake ni kurudi nyumbani baada ya masomo na kukaa walau miaka miwili. Kama nia yako ni kubaki kutibu kule, tafuta mfadhili mwingine.

SWALI: Nina stashahada ya maabara. Nimeona vyuo vina “stashahada ya uzamili”. Naweza kujiunga moja kwa moja?
– Msomaji, Mbeya

JIBU: Hapana. Majina yanafanana, ngazi si moja: hiyo ya uzamili huombwa na mwenye shahada ya kwanza. Anza na shahada. Kwa mwenye stashahada, TCU, tume ya vyuo vikuu Tanzania, hutaka GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo ya sayansi kidato cha nne. Na ukiwa chuoni usiiache GPA ishuke chini ya 2.7, maana maombi ya uzamili huanzia hapo.